Maji Meupe ya Muhogo na Ukoka wa Kituo

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, Jangwani. Ijumaa, tarehe 21 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Jina: Idrisa Seifu
Umri: Miaka 19
Elimu: Kidato cha pili, muhula mmoja
Kazi: Kubeba muhogo kwa guta (baiskeli ya mizigo ya matairi matatu)
Makazi: Ilala

Mimi Idrisa Seifu, mwenye akili timamu na haraka nyingi kwa sababu guta langu liko nje na muhogo ukikaa unaingia weusi, naeleza ifuatavyo.

Kazi yangu ni kutoa muhogo mbichi Kariakoo na kuupeleka kwenye karakana ya Ami Asad, ukingoni mwa bonde la Jangwani. Kwa guta hakuna anayeniweza mtaa mzima, afande aulize. Pale karakana muhogo unamenywa, unakunwa kwa mashine, unatiwa kwenye viroba na kukamuliwa kwa jeki ya lori, kisha unaanikwa usagwe unga. Ni ule muhogo mchungu. Maji yanayokamuliwa ni meupe, yananuka uchachu, na yanashuka mtaroni hadi bondeni.

Bondeni kuna watu wawili wa mchicha. Mmoja ni Bi. Clotilda, tunayemwita Mama Eli. Mwingine ni Gaudens, sisi tunamwita Mangi, ndiye huyo mliyemkamata. Matuta yao yametenganishwa na kijinjia tu, na kijinjia hicho wanakigombania tangu mimi navaa kaptula ya shule.

Mnamo mwezi wa kumi na mbili mwaka jana, asubuhi, nikishusha muhogo, Mama Eli alikuja karakana. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akaniambia nimekonda kama mpini wa jembe. Kisha akamwambia Ami Asad, "Ami, maji yako mazito hivyo, kama ya kuoshea mchele, unayaacha yapotee? Nigeuzie mtaro uje kwangu, mchicha unenepe." Ami alicheka, akasema, "Chukua bure, mama. Niombee dua tu." Mtaro ukageuzwa siku ileile. Kusema kweli hata mimi niliona ni ujanja.

Mwezi wa kwanza mchicha wake ukawa njano, halafu majani yakaungua kingo kama yamepigwa pasi. Mama Eli akaongeza maji yaleyale kwa ndoo. Ukizidi kunyauka, naye anazidi kumwagilia. Akapanda upya, mbegu hazikutoka. Udongo ukafanya utando mweupe juu, ukawa mgumu, ukanuka kama karakana. Zamani akilima pale nilikuwa naokota nyungunyungu wa chambo mpaka kopo linajaa. Sasa hata mmoja hayupo.

Mnamo tarehe 8 Februari Mangi alipita kwenye kijinjia na bomba la dawa mgongoni, anaenda kupulizia wadudu kwake. Mama Eli alimwona. Kesho yake tuta lake la mwisho likalala. Akapiga yowe kwamba Mangi amemmwagia sumu. Watu wakajaa, wakamwuliza Mangi mbona mchicha wake uko kijani, wakamzaba makofi, wakamleta hapa. Wake uko kijani kwa sababu anachota maji kwenye kisima alichochimba mwenyewe. Hilo hakupewa nafasi ya kulisema. Nilimsikia akisema moja tu: "Mama Eli, mimi nautaka mpaka wako, siitaki njaa yako."

Jumatatu tarehe 17 nilikuja kaunta kueleza kwamba ni maji ya muhogo. Afande aliyekuwepo aliniuliza, "We kijana, daktari wa udongo?" Nikamjibu, "Bado, afande, nasubiri koti." Akanifukuza. Hapohapo nikasikia Mangi anapelekwa mahakamani Jumatatu inayokuja. Tangu siku hiyo siwezi kutulia. Hata sasa afande ameniambia mara kadhaa niache kutikisa meza.

Jioni ile nilirudi na madumu mawili, moja la maji ya muhogo, moja la maji ya bomba. Chini ya kibao cha kituo kuna ukoka. Kulia nikamwaga ya muhogo, kushoto ya bomba. Nimefanya hivyo kila jioni mpaka jana. Mlinzi aliniona, akanishukuru kwa moyo wa kujitolea. Leo asubuhi mmenikamata kwa kuua ukoka. Nashukuru, maana sasa mnanisikiliza.

Jana Mama Eli alinikuta sokoni, akanipa fungu la mchicha alionunua kwa mwingine. Akasema, "Kula, mwanangu. Mangi akifungwa, wangu utaota tena." Nilishindwa kumwambia kuwa ni ndoo yake mwenyewe. Maneno huwa hayanipigi chenga, lakini hayo yalinipiga. Naomba afande amwambie yeye, na amwambie taratibu. Ami Asad akisikia, kazi sina. Si kitu, wenye muhogo wananigombania.

Hayo nimeyaona kwa macho yangu. Nimesomewa na nimeyakubali, ingawa afande ameyapunguza matani.

Sahihi ya shahidi: Idrisa Seifu (amesaini mara mbili, ya kwanza hakuipenda)

Maelezo ya askari: Nimekagua ukoka pamoja na shahidi. Upande wa kushoto ni mzima. Upande wa kulia umekufa, udongo una utando mweupe na harufu ya uchachu. Mtuhumiwa Gaudens hatapelekwa mahakamani Jumatatu. Utachukuliwa kwanza udongo wa matuta ya mlalamikaji ukapimwe. Mlalamikaji nitamfuata mwenyewe bondeni. Shahidi nimemwamuru apande ukoka mpya pale alipoua. Ameniuliza, "Kwenye udongo gani, afande?"

Koplo Filbert