Mkuki Niliompa Bibi Minza

Buzuruga, Mwanza
3 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za Mwalubungo? Magoti yameacha kelele? Sisi wazima. Barua nampa Chenge, kondakta wa basi, maana simu najua huitaki; unasema ukiongea kwenye simu ya mwanao hapo nyumbani, ukoo mzima unasikia.

Shangazi, nimepata kazi! Kamati ya mnara imenichagua mimi nimtengeneze Bibi Minza, asimame hapo kwenu Mwalubungo, palepale kwenye uwanja wa vita, analitazama ziwa. Ni sanamu yangu ya kwanza kusimama hadharani. Nondo na saruji zimeshafika. Hadithi yake nimeisikia kwako tangu utotoni: alivyosimama peke yake kwenye matete, na mkuki mmoja, akawarudisha wenye bunduki. Niambie jambo moja tu. Aliushika mkono gani?

Mwanao,
Gladness

Mwalubungo
20 Juni 2024

Mwanangu Gladness,

Marahaba. Magoti ni yaleyale. Karanga zimekubali, nakutumia debe dogo. Chenge asikuambie zimepungua zenyewe njiani. Hongera sana. Marehemu baba yako angechinja.

Huo mkuki, wewe ndiye fundi, weka unavyoona. Ila miguu uifanye mikubwa. Hiyo nina hakika nayo.

Shangazi yako,
Bernadeta

Buzuruga
2 Agosti 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Karanga zilifika, zimekwisha. Tazama picha niliyoambatanisha. Amesimama! Kazi yote nimeifanyia hapohapo uwanjani kwenu, jioni nakimbilia basi la Chenge kurudi mjini, na wewe hukuja hata siku moja, nikasema ni magoti. Mkuki una mita mbili. Mzee Mashimba, mwenyekiti wa kamati, alipouona alifuta machozi.

Uzinduzi ni tarehe 14 Septemba. Utakaa mbele, kisha utasimama usimulie. Hadithi ni yako.

Mwanao,
Gladness

Mwalubungo
19 Agosti 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Picha nimeitazama siku kumi na mbili. Si magoti yaliyonizuia kuja. Niliona haya.

Bibi Minza hakuwa na mkuki. Bibi yangu, ambaye ni binti yake, aliniambia hivi: wenye bunduki walipokaribia, watu na ng'ombe walijificha kwenye matete. Minza akang'oa majani, akapita kwa kila ng'ombe, akaijaza kengele yake isilie. Akafika mpaka ng'ombe wa mwisho, na maadui wako hatua chache tu. Wakapita. Ndiyo sababu wewe na mimi tupo.

Nilipoyasema hayo darasani, nikiwa na miaka tisa, watoto walicheka. Shujaa gani wa kuficha ng'ombe! Kesho yake nikampa mkuki. Mwalimu akauandika ubaoni, ukatoka na watoto kwenda majumbani. Wazee waliojua ukweli walinicheka tu, wakafa wakicheka. Maneno nilidhani yatapita. Saruji haipiti.

Nisamehe.

Bernadeta

Buzuruga
30 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nilikasirika, sikufichi. Barua yako niliikunja nikaitupa, kisha nikaiokota.

Halafu nikapanda ngazi na grenda, nikaukata mkuki. Kipande cha mwisho kilipoachia nilianguka nacho. Mguu umefungwa plasta, sitaweza kuja. Ila kabla ya kupelekwa hospitali nilimwambia msaidizi wangu atundike mkononi mwa Bibi kengele ya ng'ombe wa baba.

Kamati imechachamaa. Mzee Mashimba anasema mkuki utarudishwa na fundi mwingine siku hiyohiyo ya uzinduzi, ila kama mwenye habari hiyo ya kengele atasimama mbele ya watu aseme. Sijakutaja, na sitakutaja. Uamuzi ni wako.

Gladness

Mwalubungo
15 Septemba 2024

Mwanangu Gladness,

Mguu unaendeleaje? Usikanyage chini mapema, wewe nakujua. Nilikaa kimya kwa kuwa sikujua kama ningeweza, na sikutaka kukuahidi uongo mwingine.

Jana watu walijaa uwanjani. Fundi wao alikuwa kando na mkuki mpya. Kitambaa kilipotolewa, upepo wa ziwa uliipiga kengele, ikalia, watu wakapiga makofi. Wakanipa kipaza sauti. Niliwaambia yote, na darasa, na ubao, na jina la aliyedanganya. Watu wakacheka, Gladness, kama walivyocheka wale watoto.

Safari hii sikumpa mkuki.

Niling'oa majani hapo chini, nikamwomba Mzee Mashimba anishike mkono, nikapanda ngazi ya yule fundi, nikaijaza kengele. Ikanyamaza. Watu nao wakanyamaza, mpaka wale wa nyuma kabisa. Mzee Mashimba hakuniachia mkono. Akamwambia fundi aurudishe mkuki wake kwenye gari.

Ukipona, njoo. Majani yanakauka upesi, inabidi kubadilisha, na magoti haya hayapandi kila siku.

Shangazi yako,
Bernadeta