Mama Huandikwa Kwanza

Mbeya, Jumapili mchana

Mama mpendwa,

Shikamoo. Umeamkaje? Na kifua cha baba kimetulia? Mimi mwili mzima, ila roho ndiyo ilikuwa juu juu wiki nzima.

Huku ni ukungu na matope. Nakumbuka upepo wa kwetu Mgori, mashuke ya uwele uani, nawe ukipeta huku ukinigombeza kwamba nasoma badala ya kufukuza kuku.

Uliniuliza karani wa shamba la utafiti anaandika nini. Ndani ya soya kuna kitu kinaitwa isoflavoni. Aina moja inacho kingi, nyingine kidogo, kutegemea jeni zipi zinafanya kazi punje zikiwa bado mbichi na zipi zimelala. Wataalamu hupaka chavua ya aina moja kwenye ua la nyingine, kisha hupima jeni za watoto, yaani punje zinazozaliwa. Mimi naandika wazazi daftarini.

Kanuni ya hapa ni kwamba mmea mama, yaani ule ambao ua lake limepokea chavua, huandikwa kwanza. Siku mbili za mwanzo mimi niliandika kama tunavyojitambulisha kwetu, baba kwanza. Nilipogutuka nikaanza kufuata kanuni, lakini sikurudi nyuma kusahihisha. Niliogopa daftari lionekane chafu.

Majibu ya maabara yalipokuja, zile jeni ambazo mtoto hurithi kwa mama tu zilikuwa za mmea niliouandika baba. Mkuu wetu akaguna: "Hawa watoto mbona wamemkana mama yao?"

Nikajua. Siku tatu nikaendelea kujaza daftari, nikijua nikisema nafukuzwa. Alhamisi nikamwendea, nikakiri. Akaniuliza:

"Umeandika kwa desturi ya wapi?"

"Ya kwetu Singida, dokta."

"Kwa hiyo Singida akina mama hawazai?"

Wenzangu wakacheka. Mimi nikalia. Hakunifukuza, ila alipouliza ni mistari ipi niliyoigeuza, sikuweza kuapa kwa hata mmoja, maana sikuwa nimeandika tarehe. Akasema wazazi wote wapandwe upya, nichavushe mwenyewe, na nisiondoke mpaka punje zijae.

Kwa hiyo Krismasi sitakuja, mama. Najua umeshanitengea jogoo. Mchinjeni tu, na paja langu apewe bibi.

Nisalimie mjomba mrina asali, na mdogo wangu aliyebaki na zamu yangu ya kisimani. Baba mwambie nimeongezewa kazi. Kwamba nililia, hilo libaki kwetu wawili.

Mwanao ninayekuwaza,
Rehema