Ile "Ikiwa" ya Arobaini na Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila kazi imenikaba koo. Tangu ustaafu hapa hospitali, hakuna anayethubutu kugusa programu yako ya dozi za dripu, na mkuu wetu anataka isomeke na kila mtu. Tumeipima utata: kila "ikiwa", yaani kila sharti programu inalouliza kabla ya kuamua, inahesabiwa moja, na kipande kimoja kikizidi kumi ni hatari. Chako kina sitini na moja! Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Nakigawa vipande vidogo. "Ikiwa" ya arobaini na tatu inauliza tena uzito wa mgonjwa, na umeshauliza juu. Niifute?

Binti yako

Jumanne, 4 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo. Programu hiyo imefanya kazi miaka kumi na tisa. Hicho kipimo chenu kimezaliwa jana. Usiiguse.

Baba yako

Jumatano, 5 Machi

Baba,

Shikamoo. "Usiiguse" si sababu. Nimepiga simu mara nne, Mama anasema uko bafuni. Mara zote nne?

Ijumaa saa sita mchana programu mpya inaingia wodi zote. Nimeijaribu kwa kumbukumbu za wagonjwa elfu mbili bila hiyo "ikiwa", na majibu ni yaleyale. Nikikosa jibu lako naifuta. Lakini naogopa, Baba. Unanificha nini?

Binti yako

Ijumaa, 7 Machi, saa nne asubuhi

Mwanangu,

Marahaba. Sikuwa bafuni.

Programu yangu hukata gramu na kubakiza kilo nzima. Mtoto njiti wa gramu mia tisa ilimsoma sifuri, na sifuri kwangu ilimaanisha hajapimwa. Asiyepimwa nilimpa dozi ya mtu mzima. Muuguzi alichomoa dripu mapema, Mungu ambariki. Wiki hiyohiyo niliongeza ile "ikiwa" ya kuuliza tena uzito, safari hii kwa gramu, nikaifukia katikati ya nyingine ili asiulize mtu. Wengi walinisifu kwa programu ngumu. Ilikuwa aibu tu.

Katika elfu mbili wako hakuna njiti wa namna hiyo. Usiifute. Nakuomba.

Baba yako

Ijumaa, 7 Machi, saa tisa alasiri

Baba,

Shikamoo. Barua pepe yako niliisoma saa sita kasorobo. Nilikuwa nimeshaifuta. Nilimzuia mkuu mbele ya watu asiizindue, nikairudisha.

Sasa ina kipande chake peke yake, kinaitwa "mtoto chini ya kilo moja", na juu yake nimeandika yaliyotokea. Hakuna kipande kinachozidi tisa. Nilimpa muuguzi wa wodi ya watoto wachanga asome. Alisoma mara moja, akaelewa, akanionyesha kitanda cha dirishani. Kuna mmoja pale wa gramu mia nane na arobaini.

Nimekukasirikia, na nakupenda. Sikuandika ni nani aliyekosea.

Binti yako

Jumamosi, 8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Andika jina langu.

Baba yako