Kibuyu cha Kwanza kwenye Harusi ya Selina

Gumanga, Mkalama,
Kwa mkono wa Bwana Shantilal,
Mwenye Duka, Singida.
22 Agosti, 1954.

Mpendwa mdogo wangu Filipo,

Salamu nyingi zitoke hapa nyumbani zikufikie huko Korogwe kwenye mkonge. U hali gani? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimepona, au bado unakohoa? Na mikono je? Mathayo alipopita hapa akitokea huko alituonyesha viganja vyake vilivyochanwa na miiba ya mkonge, Mama akashindwa kula siku hiyo. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake mzima kabisa, na unajua mimi wangu nimeurithi kwa nani.

Mvua hazikuwa mbaya. Mtama tumevuna, ulezi tumevuna, na yule ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike. Usianze kupanga kumwuza ukiwa huko huko mbali.

Sasa kaa chini, maana habari niliyo nayo si ya kusoma umesimama. Selina, binti wa kaka Melkizedeki, ameolewa. Ameolewa na Andrea, mtoto wa Mzee Kitundu wa upande wa Shelui. Lakini nataka kukueleza habari ya kaka yetu, na sijui kama nitaweza, kwa sababu tangu siku ile nimebaki na mshangao ambao haunitoki hata nikiwa natwanga.

Ulipoondoka ulimwacha vile unavyomjua. Asubuhi mtu mpole, anayeomba radhi hata kwa kuku akimkanyaga. Jioni akitoka kilabuni humtambui: anacheka, mara analia, mara anamrukia wifi yangu Yunisi kwa neno ambalo hata hakulisema. Na sote tulikuwa tunasema hana moyo. Lakini Filipo, si ndiye huyu aliyefuata nyayo za ng'ombe wa Mama walioibiwa mpaka karibu na Ziwa Eyasi, na njaa tumboni, akarudi nao wote? Si ndiye aliyechimba kile kisima cha Mama kwenye mwamba, wenzake wamekata tamaa wamekwenda zao? Mtu wa subira kuliko sisi sote. Mweke mbele ya mtungi wa pombe, anakuwa mtoto. Nilikuwa najiuliza, hiyo subira yake huwa inakwenda wapi?

Habari ya fisi hukuandikiwa, Mama alikataza. Mwaka juzi kaka alirudi kilabuni jua linazama, akaingiza ng'ombe zizini, akaanguka akalala bila kuziba mlango kwa miiba. Selina akatoka kwenda kuuziba, kumbe fisi ameshaingia. Akamshika mkono. Majirani walimwokoa kwa marungu na vijinga vya moto. Asubuhi kaka akaamka, akaona mkono wa binti yake umefungwa vitambaa, akauliza kwa upole kabisa ni nani amemwumiza. Hakukumbuka kitu. Watu wote wakaangalia chini. Selina akamjibu, "Fisi, baba," basi, hakuongeza neno.

Tangu hapo hajanywa. Mimi nilidhani kuacha pombe ni kama kuweka jembe chini, ukishaliweka umeliweka. Nakwambia sikujua kitu.

Harusi ilipokaribia wazee wa ukoo wakasema ni lazima pombe ipikwe, na wingi wake uonekane, kwa sababu watu wa Mzee Kitundu wanatoka mbali na wataitangaza sifa yetu, au aibu yetu. Na desturi yetu unaijua. Kibuyu cha kwanza baba wa binti anakionja yeye mbele ya wakwe, ameze waone, ndipo akitoe kwa baba wa kijana. Asipoonja, wageni wanaelewa kwamba kuna kitu kimetiwa humo. Hawagombani. Wanainuka tu wanakwenda, na ng'ombe wao wa mahari wanawafuata nyuma.

Basi Yunisi akaanza kupika, na kaka akahamia kwangu, kwa sababu harufu ya pombe inayochachuka ilikuwa imejaa tembe lao lote. Mchana alikuwa anaipasulia kuni pombe ileile, jioni anakuja kulala kwangu. Nikayaona kwa macho yangu yale ambayo Yunisi ameyaona peke yake siku zote. Mara ananiimbia nyimbo za kuchunga, mara ananifokea kwa sababu mboga ina chumvi, kisha anarudi kunisaidia kuchambua mboga ya kesho na machozi yanamtoka. Jasho linamtiririka wakati sisi tunaota moto. Siku moja nilichoka nikamwambia ajikaze kiume. Hakukasirika. Akaniambia, "Dina, unaniona nimekaa tu. Mimi hapa ninajikaza." Nikanyamaza, mimi dada yako, nisiyenyamazishwa na mtu.

Ikabaki ile shida ya kuonja. Baba mdogo akasema funda moja halijawahi kumwua mtu, ameze kisha akajitapishe nyuma ya nyumba. Mimi nikatoa akili yangu: tutie togwa kwenye kibuyu cha kwanza, rangi si moja? Nilijiona mjanja sana. Yunisi akaniuliza taratibu, je, kibuyu hicho hicho kikifika kwa Mzee Kitundu akakuta amepewa kinywaji cha watoto, tutamwambia nini? Usinicheke. Hata Mama alinicheka, na hakukuwa na mwenye hamu ya kucheka siku zile.

Tukaenda harusini bila jibu. Kaka alisema tu kwamba yeye atajua la kufanya, na mimi moyoni nikasema, basi, leo anarudi kwenye pombe. Nilimwona Selina ndani, amefunikwa, ameushika ule mkono wenye kovu. Hakuwa anaogopa kuolewa. Alikuwa anamwogopea baba yake.

Wageni wakaketi uwanjani. Yunisi akaleta kibuyu kimejaa, povu juu, akampa mumewe kwa mikono miwili. Kaka akasimama. Harufu ilinifikia mimi niliyekuwa mbali, sembuse yeye aliyekuwa nayo chini ya pua. Pombe ikamwagikia miguuni. Akakiinua kibuyu. Kikafika karibu na mdomo, kikakaa hapo. Filipo, nilimwona anavyoitaka. Sijawahi kuona mtu anakitaka kitu namna ile, hata mwenye kiu porini.

Halafu akakishusha. Akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Wakwe zangu, pombe hii ni safi, mke wangu ameipika vizuri. Mwenye ubaya ni mimi. Nikionja funda hili sitakoma, nitakunywa mpaka nisimjue binti yangu. Hilo limekwisha kutokea. Kovu liko mkononi mwake, mtaliona nyumbani kwenu."

Wazee wetu wakainamisha vichwa, baba mdogo akajifunika uso kwa shuka. Mwanamume kusema hivyo mbele ya wakwe! Kijana mmoja wa upande wao alikwisha kuinuka kutafuta fimbo yake. Mimi nikakaa chini kwenye vumbi na nguo yangu ya harusi.

Mzee Kitundu akanyoosha mikono yake miwili.

"Lete. Mtu anayeniambia haya siku ya leo hawezi kunificha kitu kwenye kibuyu."

Akakipokea bila kuonjewa. Akanywa, akafuta mdomo, akawapa ndugu zake, nao wakanywa. Ndani ya nyumba nikasikia mtu analia kwa sauti, ni Selina, na wanawake wakapiga vigelegele juu ya kilio chake mpaka hukujua kipi ni kipi.

Unafikiri kaka alikwenda kujificha baada ya hapo? Alibaki palepale akigawa vibuyu kwa wageni mpaka jua lilipozama, mikono yake imelowa pombe. Kila mara niliona anaipangusa kwenye majani, na hakuipeleka mdomoni hata mara moja. Mimi nilikunywa kibuyu changu, nikatosheka, nikaenda kulala, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba hiyo kwangu haikuwa nguvu. Mimi sijawahi kujaribiwa. Ile subira ya kufuata ng'ombe mpaka Eyasi haikuwahi kupotea. Alikuwa anaitumia yote kila siku, na zamani haikumtosha, na siku ile ilimtosha. Sijui kwa nini siku ile. Yeye mwenyewe nimemwuliza, anasema hajui, na kwamba kesho pia hajui.

Sasa nakuja kwako. Mathayo hakutuonyesha viganja tu. Alipobaki na mimi peke yangu alinieleza jinsi unavyoamka huko kambini, na kwamba mnyapara ameshakutafuta vilabuni. Nilitaka kukuandikia maneno makali, unanijua. Nikamwambia kaka aninong'oneze la kukuandikia. Hakunipa onyo lolote kwa ajili yako, na mimi sinalo tena.

Mama anakusalimu, anakuombea kila aendapo kulala. Yunisi anakusalimu shemeji yake, na Selina na Andrea wanakuamkia shikamoo. Nisalimie wote wa kwetu mlio nao huko. Mungu akulinde mikono na kifua, akufikishe nyumbani ukiwa mzima.

Kaka alichosema ni hiki tu. Mkataba wako ukiisha uje moja kwa moja kwake, usipite popote njiani. Atateka maji kwenye kile kisima alichochimba, atayatia kwenye kibuyu, ataonja yeye kwanza uone, kisha atakupa wewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,
Dina