Kibuyu cha Dahabo

Garsen, Alhamisi, Juni 1998

Na bado nasema hakuna sauti tamu kama ya Yona akiniita mke wangu mbele za watu. Ndoa bado changa, naye yuko Bura akifungulia mashamba maji, mimi huku nafundisha darasa la tatu.

Mwalimu mkuu alisema sitapata ruhusa ya kwenda kwa Yona mpaka watoto wa wafugaji na wa wakulima wazoee dawati moja. Leo nilidhani yameharibika.

Neema, mtoto wa mkulima, alikiona kibuyu cha maziwa cha Dahabo, mtoto wa mfugaji, ni cheusi ndani. Akakisugua kwa sabuni na mchanga, kwa wema tu. Dahabo akalia sana. Weusi ule ni moshi. Mama yake hukifukiza ili maziwa yanukie.

Mchana mama huyo akaja. Nikajua anamtoa mwanawe shuleni.

"Nani ameosha?"

Neema akainua mkono.

"Mkono yako iko na nguvu. Kesho kuja kwetu, nikufundishe kuweka moshi. Na hiyo maziwa ya sabuni utakunywa wewe."

Darasa zima likacheka, hata Dahabo.

"Haya, bi harusi," mwalimu mkuu akasema mlangoni, "nenda kamwone bwana wako."

Wiki iliyopita nililifua shati alilolisahau Yona hapa, harufu yake ikapotea. Nililia kama Dahabo.

Mwezi huu hautaisha kabla sijafika Bura. Nitalibeba lile shati, alivae tena, harufu irudi.