Kigae cha Chungu cha Mama

Liuli, 9 Juni

Mjukuu wangu Esta,

Marahaba. Tumeshaondoa matanga ya babu yako, na shangazi yako amerudi Maguu kuchuma kahawa. Nimebaki na kuku.

Umeniuliza kwa nini ule unga mwingine mnaouchanganya huko masomoni ukiutia kidogo unaimarisha sumaku mnayoichoma kama chungu, lakini ukiuzidisha sumaku inadhoofika. Sumaku siijui. Vyungu navijua. Sisi wafinyanzi husaga kigae cha chungu kilichovunjika, tukakichanganya kidogo na udongo mbichi, ili chungu kipya kisipasuke motoni.

Mama yangu alipofariki aliniachia chungu kimoja, nami nikateleza nacho njiani kutoka ziwani, kikavunjika. Sikutaka kipotee hata kipande. Nilikisaga chote na kukitia chote katika udongo wa chungu kipya kimoja. Kilipotoka motoni nilikijaza maji. Yakavuja pande zote, na mdomo wake ukamomonyoka mikononi mwangu.

Mama mdogo alicheka kwanza. "Wewe mtoto, kiganja kimoja kilitosha! Umemtia dada yangu mzima, udongo wa kumshika uko wapi?" Kisha akakaa chini, tukalia sote wawili.

Tangu babu yako aondoke nilikuwa sijagusa nguo zake. Jana nilizigawa kwa majirani, nikabakiza shati moja. Nalivaa nikienda shamba. Sijui kama nimefanya vema.

Nawe huko uliko, mama, unikumbuke.

Bibi yako