Nazi za jirani na programu isiyo na mwenyewe

Jumatano, Chake Chake

Kumbe kampuni iliyotengeneza ile programu yetu ya kuandikia Kiarabu ilishafungwa zamani. Kompyuta ya madrasa inakata roho, na programu imo humo tu. Bi Salma, mwalimu mwenzangu, kaniambia leo, "Inakili, mwalimu. Wenyewe hawapo."

Hawapo, lakini haki yao ipo. Barua pepe niliyowatumia kuomba ruhusa imerudi bila kuwafikia.

Jirani yetu alihamia Maskati. Nazi zake zikiangukia uani kwetu twazirundika mlangoni kwake mpaka zinaota. Hatuli hata moja.

Alasiri nimeinakili. Sijui kama ni wizi.

Magharibi nimeokota nazi mbili uani, nikazipeleka mlangoni kwa jirani, kama mtu asiyegusa cha mwenzake.